Jicho Lililofumba la Namba 12

Uongo wa Barnaby Tregear ulikuwa umetimiza miaka ishirini na mitatu, na kama mtoto aliyelelewa kwenye nyumba yenye chakula, ulikuwa umenenepa.

Ulizaliwa mwembamba. Jumamosi ya pili ya kila Septemba, wenye nyumba za kale mjini Bristol hufungua milango watu waingie bure kushangaa, na Barnaby, aliyekuwa dereva wa basi kwa miaka thelathini na minne kabla ya kustaafu, hakuwa na siku aliyoipenda kuliko hiyo. Alivaa koti la bluu lenye vifungo vya shaba, akasimama kwenye ngazi za nyumba namba 12 ya Harcombe Row, akawakaribisha wageni kama alivyokuwa akiwakaribisha abiria: "Sogeeni ndani, sogeeni ndani, nafasi bado ipo!" Nyumba yenyewe si yeye aliyeirithi, ni mkewe Rosalind, kwa shangazi yake. Lakini kwa jinsi Barnaby alivyokuwa akizigonga kuta kwa kiganja, ungedhani aliijenga kwa mikono yake.

Harcombe Row ilikuwa safu ya nyumba kumi na nne zilizoshikana mabega, zilizojengwa enzi ya mfalme Joji wa Tatu. Zote za jiwe moja la rangi ya asali, zote na mlango wenye kioo cha nusu duara juu yake, zote na madirisha marefu ya kupandisha na kushusha, matatu kila ghorofa. Ukizitazama kutoka ng'ambo ya barabara ungesema ni kasri moja la tajiri mmoja. Ukizitazama kwa nyuma ungesema ni kazi ya walevi kumi na wanne waliogombana, kwa maana kila mnunuzi wa kwanza alijijengea mgongo alioutaka. Lakini nyuma hakuna aliyepita.

Namba 12 ilikuwa na kasoro moja usoni. Ghorofa ya pili, dirisha la tatu, upande wa namba 13, halikuwa na kioo. Lilikuwa na fremu ya jiwe kama wenzake, na ndani ya fremu plasta nyeusi tupu, kama jicho lililofumba.

Mwaka wa kwanza mgeni mmoja aliuliza kwa nini. Barnaby hakujua, na dereva wa basi hazoei kusema hajui njia. "Kodi ya madirisha," akajibu. Alikwisha kusikia kwamba zamani serikali ilitoza kodi kwa kila dirisha, na watu wakaziba mengine kukwepa kulipa. Jibu lilipendwa. Mwaka wa pili akaongeza Kapteni aliyeliziba, mtu bahili mwenye mguu wa mti. Mwaka wa tano Kapteni akapata binti, Arabella. Mwaka wa tisa Arabella akapata mchumba baharia. Kufikia mwaka wa ishirini na tatu, wageni walikuwa wakija na vitambaa vya kufutia machozi.

"Miaka tisa," Barnaby alisema Septemba hiyo, akishusha sauti katikati ya watu ishirini, "binti wa watu aliketi nyuma ya matofali haya akisikiliza viatu vya mpenzi wake vikipita barabarani, asiweze kumwona. Mabibi na mabwana, serikali ilitoza kodi mwanga wa Mungu!"

Mama mmoja mwenye mwavuli wa kijani alipenga kamasi.

Rosalind alikuwa amesimama mlangoni na sinia la biskuti. Alikuwa mkunga kabla ya kustaafu, mwanamke mfupi asiyepandisha sauti. Chumba kidogo walimosimama, chenye dirisha hilo moja tu lililozibwa, kilikuwa chake. Humo ndimo alimochorea ndege kwa rangi za maji, akiwa amewasha taa saa sita mchana.

"Barnaby," alisema, "hiyo kodi bado ipo?"

"La, mpenzi. Ilifutwa mwaka 1851."

"Na Kapteni?"

"Alikufa zamani."

"Basi kodi imekufa, Kapteni amekufa, na mimi miaka thelathini na moja nachora mchana kwa taa. Unamngoja nani? Arabella aje na nyundo?"

Watu walicheka. Mama wa mwavuli alipiga makofi. Barnaby alitazama nyuso zile ishirini, akaona hakuna kituo cha kushukia.

"Nitalifungua," akasema.

"Mmesikia wote," Rosalind aliwaambia wageni, akawapitishia biskuti.

Jioni hiyo jirani wa namba 13 alikuja kunywa chai. Cordelia Oyston alikuwa mjane wa miaka themanini na mbili, mwembamba kama fimbo, aliyeingia nyumba za watu bila kubisha kwa hoja kwamba ukuta wenyewe ni wa wote.

"Nasikia unafungua dirisha," alimwambia Barnaby. "Utalifunguaje, na lile si dirisha? Mama mkwe wangu alikuwa akisema ni sura tu. Kama meno ya bandia."

"Mama mkwe wako, Cordelia, alikuwa akisema pia kwamba basi la ghorofa litaanguka kwenye kona ya kwanza."

"Na wewe nasikia uliangusha nusu ya abiria kwenye kona hiyo hiyo. Nipitishie maziwa."

Sasa nyumba ya namna ile huwezi kuigusa ovyo. Namba 12 imeandikwa kwenye orodha ya majengo ya kulindwa. Hata bawaba ya mlango ukitaka kuibadilisha lazima uombe. Barnaby aliandika barua ya kurasa sita, nne kati ya hizo zikimhusu Arabella. Mwezi wa Novemba halmashauri ikamtuma afisa wake wa majengo ya kale, Nerys Pugh, mwanamke wa Wales mwenye buti kubwa na tochi ndogo.

Alimsikiliza Barnaby mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Ushahidi uko wapi, Bwana Tregear?"

"Ni masimulizi ya kale."

"Ya nani?"

Barnaby alikohoa. "Ya nyumba."

Nerys aliandika kitu kifupi sana kwenye daftari. Akapima chumba kwa ndani, akatoka akapima ukuta kwa nje, akarudi, akaugonga kwa kifundo cha kidole huku sikio likiwa ukutani kama daktari.

"Kuta nyingine za mbele zina futi moja na nusu. Huu una futi tatu na ushee. Kuna kitu humu ndani."

"Matofali ya Kapteni," Barnaby alisema. "Alikuwa mtu wa kufanya jambo likafanyika."

"Kuna chumba kingine chenye mwanga kwenye ghorofa hii?"

Rosalind alivuka ukumbi, akafungua mlango wa chumba cha nyuma. Ndani mlikuwa na giza vile vile, mpaka alipovuta pazia zito la kahawia, na hapo jua la Novemba likamwagika sakafuni. Lilikuwa dirisha refu kuliko yote ya nyumba ile. Kupitia kwake ulionekana mto, bustani, na mashakwe wakizunguka hewani. Na kwenye rafu, kuta tatu, kuanzia sakafuni hadi darini, yalipangwa mabasi: madogo, ya bati, ya rangi zote, mia moja na kumi na mawili.

"Kwa nini pazia?" Nerys aliuliza.

"Jua huchujua rangi zao," Barnaby alieleza, akaharakisha kulifunga tena. "Haya ya kijani hasa ni dhaifu mno."

Nerys alimtazama Rosalind. Rosalind alitazama dari.

Kibali kilikuja baada ya wiki kumi na moja: tofali moja tu, litolewe kwa ndani, lirudishwe kwa chokaa ya asili, afisa akiwepo. Barnaby alilichukulia kama ushindi mkubwa. Alimwita fundi Dudley Stobbs, mwashi wa nyumba za kale, akamwita na Fenella Crouch, mwandishi wa gazeti la mtaa, apige picha. Siku ya Alhamisi, saa tano asubuhi, mwezi wa Machi, watu watano walisongamana kwenye chumba kile huku vitu vyote vimefunikwa shuka nyeupe. Barnaby alikuwa amevaa lile koti la vifungo vya shaba.

"Leo," alianza, "tunarudisha kile ambacho—"

"Bwana, nitoe au nisubiri?" Dudley aliuliza. "Maana chokaa yangu inakauka, na hotuba yako naona ndiyo kwanza mbichi."

"Toa, toa."

Dudley alikwangua kandokando, akatingisha, akavuta. Tofali likatoka kama jino. Nyuma yake palikuwa na weusi. Barnaby aliinama akasogeza uso.

Kwanza ukatoka ukungu mwembamba. Halafu ukuta ukaguna, na masizi ya miaka mia mbili yakamwagika, hayakumwagika kwa adabu bali kwa kishindo kimoja, kama gunia la unga mweusi lililopasuliwa na mtu mwenye hasira. Shuka nyeupe hazikuwepo tena. Koti la bluu halikuwepo. Vikohozi vilisikika kila pembe, na katikati ya giza lile ukaja moshi wa moto, wenye harufu nzito ya samaki. Kisha kutoka ndani ya ukuta, sauti ya mwanamke, ya mbali, yenye uchungu mwingi:

"Nani hapooo?"

Barnaby alipiga magoti. Miaka ishirini na mitatu ni mingi. Mtu akisema jambo kwa muda huo huanza kuliamini yeye mwenyewe.

"Arabella?" akanong'ona.

"Arabella shangazi yako!" ukuta ulijibu. "Ni mimi, Cordelia! Nani kafungua mlango wa jehanamu? Moshi wote umenirudia jikoni, na samaki wangu wanne wameanguka motoni!"

Halafu ikasikika kalamu ya Fenella Crouch ikikwaruza karatasi gizani.

Rosalind ndiye aliyeanza kucheka. Alikaa chini sakafuni, mweusi tii, akacheka mpaka akashika mbavu, na machozi yakamchorea mistari miwili mieupe mashavuni. Dudley alirudisha tofali upesi, akalikandika. Nerys Pugh alifuta tochi yake kwa mkono wa koti.

"Sasa tunajua," alisema kwa upole. "Ni njia za moshi za namba 13. Mjenzi alikosa pa kuzipitisha, akazipitisha hapa. Lakini uso wa nyumba ulitakiwa uwe na madirisha matatu, mstari kwa mstari, safu nzima. Kwa hiyo la tatu akalifanya la uongo tangu siku ya kwanza. Halijawahi kufunguliwa, Bwana Tregear. Halikutengenezwa kwa ajili ya mtu wa ndani. Lilitengenezwa kwa ajili ya anayepita barabarani."

"Na kodi?" Barnaby aliuliza, bado amepiga magoti.

"Kodi haihusiki kabisa."

Gazeti la Ijumaa lilibeba picha ya Barnaby ambamo kilichoonekana ni macho mawili na vifungo. Kichwa cha habari kilisema: ARABELLA, NI WEWE? Jumatatu ikaja barua ya mama wa mwavuli wa kijani. Aliandika kwamba kwa miaka minne mfululizo amekuwa akimwashia Arabella mshumaa kanisani, na angependa kujua sasa mishumaa ile aliwashiwa nani.

Barnaby hakutoka nje wiki nzima. Dukani alimtuma Rosalind. Alikaa kwenye chumba cha nyuma, pazia limefungwa, akipangusa mabasi yaliyokwisha kupanguswa. Aliona aibu, naam, lakini kilichomsumbua zaidi alikuwa Kapteni. Kila alipomfikiria mzee yule bahili akimzibia mwanamke mwanga kwa sababu zake mwenyewe, alijikuta anatazama lile pazia la kahawia, na kila alipolitazama aligeuza shingo.

Mambo hayakuishia hapo, kwa sababu siku ile moshi ulikuwa umetokea pia kwenye nyufa za plasta upande wa nje, na Nerys akaamuru jukwaa la mafundi lisimamishwe nje ili plasta ikaguliwe. Aprili alipanda mwenyewe na pamba na maji yake ya dawa. Baada ya nusu saa akaita, "Bwana Tregear! Njoo juu."

Barnaby alipanda, mkono mmoja ukishika kofia. Katikati ya weusi Nerys alikuwa amesafisha mahali padogo kama kiganja. Na kutoka mahali pale jicho la bluu lilikuwa likimtazama.

Walisafisha siku tatu. Chini ya rangi nyeusi kulikuwa na dirisha lililochorwa kwa ustadi wa ajabu, na fito zake nyeupe na vioo vyake na pazia lake jekundu; na kwenye dirisha hilo mtu mnene wa makamo, kavaa nywele za bandia za mabwana wa zamani, pua kama nyanya, ameegemea kiwiko akiitazama nyumba ya ng'ambo. Ulimi wake ulikuwa nje.

"Ni nani huyu?" Barnaby aliuliza. Kisha kinywa kikafunguka chenyewe: "Bila shaka alikuwa—"

"Usinitungie," Nerys alimkata. "Safari hii niletee karatasi."

Karatasi. Barnaby aliwaza mchana kutwa, na mwisho wa mawazo yote akamwona Cordelia Oyston. Alikwenda sokoni, akanunua samaki wanne wanono, akasimama kwenye mlango wa namba 13. Akabisha.

"Umebisha," Cordelia alisema alipofungua. "Unaumwa?"

"Nimekuja kuomba radhi. Kwa samaki. Na kwa mama mkwe wako."

Cordelia aliwakagua samaki macho na mashavu. "Mama mkwe wangu amesamehe. Ingia."

Jikoni kwake, chini ya ardhi, palikuwa na meko pana kama kitanda, na samaki walining'inizwa ndani yake kwenye waya. Barnaby alieleza kuhusu mtu wa dirishani. Alipofikia habari ya ulimi, Cordelia alinyanyuka, akapanda kiti kabla hajazuiwa, akateremsha kopo la biskuti lenye kutu.

"Namba 12 na 13 alizijenga mtu mmoja," alisema. "Akaishi hii, akauza hiyo yako. Hati zake zimebaki humu tangu hapo. Soma wewe, macho yangu siku hizi yanaona samaki tu."

Barnaby alivaa miwani. Hati nyingi zilikuwa za mbao na chokaa na misumari. Ya kumi ilikuwa barua ya mwaka 1794, mwandiko wenye hasira uliochoma karatasi. Iliandikwa na hakimu Theophilus Gaunt, wa nyumba ya ng'ambo, kwenda kwa mjenzi Elkanah Dobbs. Barnaby aliisoma kwa sauti:

"'Bwana Dobbs, kwa nyumba zako umenizibia mto niliokuwa nikiutazama tangu utoto. Nilikulalamikia kwa adabu. Wewe umenijibu kwa kunichora mimi mwenyewe dirishani kwako, ulimi nje, hata sasa kila nikinywa chai ya asubuhi najiona nikijidhihaki. Wageni wangu hawamalizi mlo kwa kicheko. Uipake picha hiyo rangi nyeusi kabla ya Jumatatu, la sivyo tutaonana mahakamani kwangu.'"

"Geuza," Cordelia alisema.

Nyuma ya barua, kwa penseli, mjenzi alikuwa amejiandikia: Nimepaka. Lakini nimetumia rangi inayotoka ikisuguliwa.

Barnaby alicheka. Alicheka mpaka miwani ikaanguka kwenye majivu, na Cordelia akacheka kwa sababu yeye anacheka, na kwa muda jikoni mle hapakusikika kitu kingine.

"Cordelia," alisema alipopata pumzi, "miaka yote hii! Hadithi bora kuliko yangu, na ilikuwa hapa, ukuta mmoja! Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Ulikuwa unaongea."

Alikula samaki wawili pale, kwa vidole, bila kuzungumza sana. Aliporudi nyumbani alipanda moja kwa moja ghorofa ya pili. Rosalind alikuwa kwenye kile chumba kidogo, taa imewashwa, akijaribu kumpa shakwe rangi ya bawa. Alisikia pete za pazia zikikwaruza upande wa pili wa ukumbi. Halafu hatua. Halafu mumewe akatokea mlangoni, mabasi manne mikononi, mawili kwapani.

"Nyanyuka," alisema.

"Nini tena?"

"Nyanyuka, mke wangu. Haya yanapenda giza."

Rosalind aliweka brashi chini taratibu. "Barnaby, kule unakaa miaka yote."

"Ndiyo." Alitafuta maneno, mtu ambaye maneno hayakuwahi kumpiga chenga. "Kapteni hakuwepo, Rosalind. Nilimsingizia. Aliyeziba dirisha katika nyumba hii ni mimi."

Rosalind alimtazama kama alivyokuwa akiwatazama wanaume waliozimia kwenye milango ya wodi.

"Unanuka samaki," alisema. "Nipe hilo la kijani kabla hujaliangusha."

Iliwachukua mpaka machweo kuhamisha mabasi yote, kwa kuwa Barnaby alitaka yapangwe kwa njia zake na Rosalind alitaka yapangwe kwa rangi, wakagombana kwa furaha kubwa kwenye kila rafu.

Septemba ilipofika, hakimu Gaunt alikuwa amesafishwa mwili mzima na ameongezwa kwenye maelezo ya nyumba, akilindwa na sheria pamoja na ulimi wake. Walio ng'ambo walitundika pazia la nyavu. Mama wa mwavuli wa kijani alikuja, kwa uso mgumu, akadai aombwe radhi ana kwa ana, akaombwa, kisha akacheka kwa barua ya hakimu kuliko wote. Barnaby alisimulia yaliyoandikwa tu. Kila aliponogewa na kutaka kumwongezea hakimu mbwa au mguu wa mti, Cordelia, aliyewekewa kiti kwenye ngazi na lile kopo mapajani, alikuwa akilipiga kopo kwa pete yake, naye akarudi njiani.

Safari hii hapakuwa na biskuti. Juu, kwenye mlango wa chumba cha nyuma, Rosalind alikuwa amebandika karatasi: NACHORA. MSIINGIE. Ndani alikuwa ameketi mbele ya dirisha, mikono imelala mapajani, hajachora lolote tangu asubuhi. Mashakwe walikuwa wakishuka mtoni mmoja mmoja. Barnaby alichungulia, akauliza kama anahitaji chochote.

"Funga mlango," alisema. "Bado naangalia."